Vivuli Visivyotoka kwa Sabuni

Jumatatu ya kwanza ya kiangazi, saa moja kasoro robo asubuhi, dobi wa hospitali ya mji alikuwa juu ya paa la udobi akianika mashuka ya wadi ya tatu. Yalikuwa sitini na manne. Alikuwa na vibanio viwili mdomoni, kimoja kila upande, na macho yake yalikuwa nusu kwenye kamba, nusu kwenye kinamasi kilichoanzia nyuma ya ukuta wa hospitali. Ndege mmoja wa majini, mnandi, alipita kati ya jua na shuka la tano. Kivuli chake kiliangukia shuka, kama ilivyo kawaida ya vivuli, ila mnandi alipokwenda zake kivuli kilibaki.

Dobi alitoa vibanio mdomoni, akakitazama. Kilikuwa na shingo ndefu na mabawa yaliyokunjuliwa. Akakisugua kwa kidole gumba, hakikutoka. Basi akachukua daftari lililokuwa mfukoni mwa aproni, akaandika "Mnandi, mmoja," akaendelea kuanika.

Kufikia saa nne mashuka yote sitini na manne yalikuwa na ndege. Aliyashusha, akayafua upya kwa sabuni ya mche na maji ya moto, kisha kwa ndimu na chumvi, kisha kwa dawa ya kung'arisha ambayo hutolewa kwa kijiko kwa sababu hula vidole. Mashuka yakawa meupe kuliko siku yalipotoka dukani. Vivuli navyo vikakolea.

Jambo moja alilibaini mapema, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuangalia mambo. Ndege aliyekwisha kuacha kivuli hakuacha cha pili, hata angepita mara kumi. Hakuwa nacho tena. Yule mnandi wa kwanza alitua juu ya nguzo katikati ya maji, jua likimwakia mgongoni, na juu ya maji chini yake hapakuwa na kitu, akakaa pale bila wasiwasi kama mtu aliyeacha kofia nyumbani makusudi.

"Huyo ameshahesabiwa," dobi alisema, akatafuta mwingine.

Alikuwa akihesabu ndege wa kinamasi kile kila mwanzo wa kiangazi kwa miaka kumi na tisa. Hakuna aliyemtuma. Alipoanza alikuwa kijana aliyeajiriwa juzijuzi, paa lilikuwa refu, mashuka yalichukua muda kukauka, na ndege walikuwa pale. Kwanza aliwajua kwa rangi, halafu kwa sauti, halafu kwa tabia, kama mtu anavyowajua majirani. Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alitembea ukingoni mwa matete na yeyote aliyetaka kufuatana naye. Kwa kawaida walikuwa wanne au watano, na mmoja wao alikuwa wifi yake.

Wifi huyu alikuwa mshonaji. Mume wa dobi alipofariki, miaka minane iliyopita, dada mtu alikuja kwenye mazishi na cherehani yake, akasahau kuondoka. Walikuwa wakiishi vyumba viwili, wakigombana kila siku kuhusu chumvi, na hakuna aliyeweza kula kabla mwenzake hajarudi.

Jioni ile dobi alimpelekea shuka moja alione. Wifi aliligeuza upande wa pili, akalinusa, akalinyoosha kwenye mwanga.

"Kivuli kimeingia mpaka ndani ya uzi," alisema. "Hii si kazi ya rangi, wifi. Kwani umewafanyia nini hawa?"

"Sikuwafanyia kitu. Nimewahesabu tu."

"Basi labda na wao wamechoka kuhesabiwa kwa mdomo," wifi alisema, akarudi kwenye pindo la gauni alilokuwa akishona.

Hospitali haikuwa na mashuka ya akiba, kwa hiyo yale yale yalitandikwa. Wagonjwa hawakulalamika sana. Alfajiri vivuli vilikuwa vikiimba, kwa sauti ya chini, kila kimoja wimbo wake. Dereva wa malori aliyekuwa wadi ya tatu, mguu wake ukiwa umefungwa plasta na kuning'inizwa juu, ndiye pekee aliyemwita muuguzi.

"Dada, nibadilishie shuka. Hawa vitwitwi wanaamka mapema mno."

"Unataka nani?"

"Nipe korongo. Korongo ana adabu zake."

Akapewa korongo, akalala mpaka saa mbili.

Aliyekasirika ni Matroni. Matroni alikuwa mwanamke mrefu asiyecheka hovyo, na kila kitu cha hospitali, kuanzia vitanda hadi vijiko vya dawa, kilikuwa kimeandikwa katika kitabu chake cheusi. Jumanne alishuka udobini mwenyewe, shuka mkononi.

"Dobi, hii ni nini?"

"Ni kwarara, Matroni."

"Sikuulizi ndege gani. Nauliza anafanya nini kwenye shuka langu."

"Alipita."

Matroni alivuta pumzi. "Shuka la hospitali ni jeupe. Nakupa mpaka Ijumaa. Yasipotakata, udobi utatafutiwa mtu mwingine."

Dobi alisema amesikia. Alifua Jumanne, akafua Jumatano, na kila alipoanika, waliokuwa bado na vivuli walikuja kuviacha: korongo, yangeyange, sululu wenye midomo iliyopinda, bata wa kila namna, mbayuwayu wadogo waliopita kwa kasi hivi kwamba vivuli vyao vilitoka vimerefuka kidogo. Walikuja kwa utaratibu. Asubuhi moja aliona mdiria na wenzake wawili wamekaa juu ya waya wakisubiri shuka linyooshwe.

Jumatano mchana alifika Mtaalamu.

Mtaalamu alikuja kila mwaka. Alikuwa na gari la baraza la mji, darubini ndani ya mkoba wa ngozi, na shahada iliyoning'inia ofisini kwake ikiwa na kioo. Ndiye aliyeandika ripoti ya ndege wa kinamasi. Namna alivyoiandika ni kwamba alichukua daftari la dobi, akalinakili kwa mashine, akaweka jina lake juu. Miaka kumi na minane ilikuwa hivyo. Wifi alipopandwa na hasira juu ya jambo hilo, dobi alimjibu kwamba jina halirukii popote, ndege ndio wanaoruka.

Mwaka huu ripoti ilikuwa na kazi nyingine. Baraza lilitaka kujua kama kinamasi kina faida ya kubaki, maana kulikuwa na watu waliotaka kukifukia na kujenga maghala. Ndege wakiwa wengi, kinabaki. Wakiwa wachache, udongo unamwagwa.

"Lete daftari, mama," Mtaalamu alisema bila kuzima gari. "Leo nina haraka."

Dobi akampa. Kisha akamwambia kuhusu mashuka. Mtaalamu aliinua macho kwenye kamba zilizokuwa juu ya paa, akasema, "Naona. Shida ya sabuni za siku hizi," akaondoa gari. Alisimama kwa dakika kumi kwenye ukingo wa kinamasi, vioo vikiwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi, akaenda.

Alhamisi daftari lilirudishwa na tarishi. Kurasa za wiki ile zilikuwa bado zimegandana pale tone la sabuni lilipozigandisha. Hakuna aliyezifungua. Na kwenye ubao wa matangazo wa baraza ripoti ilikuwa imekwisha kubandikwa: ndege mia tatu na kumi na wawili, aina kumi na moja. Chini yake ilikuwa imeandikwa kwamba kinamasi kimekufa na kikao cha kuamua kitakuwa Jumatatu saa tatu.

Dobi aliisoma mara mbili akiwa amesimama juani. Hakuwa mtu wa hasira za haraka. Hasira yake ilikuwa kama blanketi zito, ilichukua muda kulowa. Sasa ililowa yote. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mtaalamu na aproni yake.

"Bwana, korongo peke yao ni zaidi ya mia nne."

"Sikukatalii, mama. Lakini ripoti ni kazi ya kisomo. Wewe unahesabu huku umeshika nguo mbichi."

"Na wewe umehesabu ukiwa ndani ya gari."

"Gari lina vioo," Mtaalamu alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto, akamfungulia mlango wa kutokea.

Usiku ule chumvi haikugombewa. Mwishowe wifi akaweka kijiko chini.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema. "Lakini wale madiwani, wifi, itabidi waambiwe. Tena kwa kushikwa kidevu."

"Mashuka si yangu. Ni ya hospitali. Na kesho nafukuzwa."

"Kesho ni kesho. Kula."

Ijumaa saa tano Matroni alishuka udobini na bahasha. Dobi alikuwa akikunja. Hakuhitaji kuambiwa ndani ya bahasha mna nini. Alifuta mikono, lakini hakuinyoosha kuipokea.

"Kabla hujanipa, Matroni, nakuuliza kitu kimoja. Wadi ya tatu ina ndege wangapi?"

Swali hilo kwa mtu mwingine lingekuwa la kipuuzi. Matroni alifungua kitabu chake cheusi, kwa sababu kilichoingia wadini kilikuwa mali ya wadi na mali huandikwa.

"Wadi ya tatu, mia nane arobaini na wawili. Wadi ya kwanza, mia sita na tisa. Ya watoto, mia tisa kumi na mmoja, watoto wanawapenda mbayuwayu. Kwa jumla, mpaka jana jioni, elfu nne mia moja na kumi na sita. Kwa nini?"

"Baraza limeandika mia tatu na kumi na wawili. Kinamasi kizima."

Matroni alikifunga kitabu. Kwa miaka yake yote ya kazi hakuna kijiko kilichopata kupotea chini ya macho yake.

"Nani kahesabu?"

Dobi akamwambia nani, na wapi, na kwa dakika ngapi.

Matroni alirudisha bahasha mfukoni polepole. "Shuka lenye doa naweza kulivumilia," alisema. "Hesabu yenye doa siwezi. Mashuka unayataka lini?"

Wagonjwa walilala siku mbili kwenye magodoro matupu. Dereva wa malori ndiye aliyesaini wa kwanza kukubali kutoa shuka lake, akisema godoro linawasha lakini ndege wao hawana hata godoro. Jumamosi na Jumapili cherehani haikupoa. Wifi alishona shuka kwa shuka, pindo kwa pindo, mashuka mia tatu na ishirini, huku dobi akimpangia: wa majini pamoja, wa matete pamoja, warukao juu peke yao. Wale wanne wa matembezi ya Jumamosi walikuja kuvuta kitambaa kikitoka upande wa pili wa mashine, kikajaa chumbani, kikatoka mlangoni, kikashuka ngazi.

Jumatatu saa mbili na nusu walikipeleka kwa toroli sita za udobi. Nyuma ya toroli walifuata wauguzi waliomaliza zamu, wagonjwa walioweza kutembea, na dereva akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu mbele kama mzinga. Walilizungushia jengo la baraza kile kitambaa. Kililizunguka mara mbili, na kikabaki cha kufunika ngazi.

Madiwani walikuwa kumi na watatu. Walipofika walikuta mlango wa ukumbi umefunikwa na yangeyange mia mbili, wakasimama nje. Mwenyekiti, mwanamke mnene aliyekuwa na duka la viatu, alitaka kujua ni mali ya nani.

"Mashuka ni ya hospitali," Matroni alisema. "Ndege ni wa kinamasi. Anayewajua ni huyu."

Dobi alisukumwa mbele. Hakuwahi kusema mbele ya watu zaidi ya watano. Kisha akaona kwamba mbele ya macho yake hakuna watu, kuna mnandi, wa kwanza kabisa, wa shuka la tano. Akamwelekezea kidole.

"Huyu alipita Jumatatu, saa moja kasoro robo," alianza. "Anaye mwenzake, yule pale. Wamejenga kwenye mti mkavu wa upande wa mashariki."

Akaendelea. Alitembea ukutani akiwataja mmoja mmoja, amefika lini, anakula nini, anataga wapi, na madiwani wakamfuata wakinong'ona hesabu. Mizunguko yote miwili ilichukua saa mbili na nusu. Hakuna aliyeomba kukaa.

Mtaalamu alingoja mpaka amalize. "Mheshimiwa Mwenyekiti, hii ni michoro," alisema. "Michoro mizuri. Mtu yeyote mwenye wino anaweza."

Mwenyekiti akaagiza ndoo, sabuni na brashi. Mfagizi wa baraza alipiga magoti, akasugua kitwitwi mmoja mpaka jasho likamtoka. Kitwitwi aling'aa.

"Bado haithibitishi kwamba wako kinamasini," Mtaalamu alisema.

Ilikuwa saa sita kamili, jua liko utosini. Hapo kundi la korongo lilitokea upande wa hospitali, mia nne na kitu, likapita juu ya uwanja wa baraza chinichini, mabawa yakisikika kama mashuka yanayokung'utwa. Watu waliinua vichwa. Mwenyekiti peke yake aliinamisha chake. Alitazama sakafu ya uwanja, nyeupe, kavu, kutoka ukuta hadi ukuta, wakati korongo mia nne wakipita juu yake. Kulikuwa na kivuli cha mlingoti wa bendera na vivuli vya watu. Vingine havikuwapo.

"Karani," alisema, "andika. Hawana vivuli."

Karani aliandika.

"Vivuli vyao viko wapi?"

"Viko ukutani, Mheshimiwa," karani alisema, akaandika hilo pia.

Wakapiga kura pale pale nje. Tisa walitaka kinamasi kibaki, wanne walitaka maghala. Dereva alipiga kelele za shangwe mpaka muuguzi akamshika bega. Wifi alimkumbatia Matroni, ambaye hakuwa amekumbatiwa na mtu tangu alipopandishwa cheo, na Matroni akakaa ndani ya kumbatio hilo kwa muda unaostahili. Dobi alikaa kwenye ngazi juu ya bata. Alicheka, akalia kidogo, akacheka tena. Watu waliokuwa wakimpita kila siku hospitalini bila kujua anafanya kazi gani walikuja kumpa mkono, na kila mmoja alikuwa na swali: yule mwenye mdomo uliopinda ni nani, yule mdogo wa samawati hukaa wapi. Aliwajibu wote. Alirudi kazini saa kumi, sauti imekauka, akakuta Matroni ameandika kwenye mlango wa udobi kwamba mashuka ya hospitali hii yanaruhusiwa kuwa na ndege.

Ripoti mpya ilichapishwa baada ya wiki tatu, kwa karatasi nzito. Ndege elfu nne mia moja na kumi na sita, aina themanini na tatu. Juu, kwa herufi kubwa, jina la Mtaalamu.

Wifi alilisoma, akanyanyua mkasi wa kukatia vitambaa, akavaa viatu. Dobi akamwambia auweke chini, atakwenda mwenyewe.

Karani alimpokea vizuri, akamvutia kiti.

"Mama, mimi nilikuwapo, niliona," alisema. "Lakini fomu ina nafasi moja tu ya mtafiti, na nafasi hiyo inataka namba ya shahada. Nilijaribu kuweka ya cheti chako cha darasa la saba. Ilikataa."

"Na vivuli?"

"Vimo. Ukurasa wa mwisho, chini ya vifaa. 'Mashuka, mia tatu na ishirini, yaliyokaushwa na hospitali.'"

Dobi aliusoma ukurasa huo. Ilikuwa kweli, vimo.

"Na mwakani atahesabu nani?"

"Ni yeye. Mkataba ni wa miaka mitano." Karani alishusha sauti. "Samahani, mama."

"Usijali. Mwakani nitakuwa nafua vilevile," alisema. Akamuaga, akatoka.

Baraza lilisimamisha kibao cha shaba kwenye lango la kinamasi, kikisema kwamba ndege wa hapa walihesabiwa na Mtaalamu. Kilizinduliwa Jumamosi asubuhi. Mtaalamu alivaa suti, akapanda jukwaani, akaanza kueleza jinsi alivyoupenda ukingo ule tangu utotoni. Watu walikuwa mia na arobaini, wengine na darubini walizoazimana, wengine na macho tu. Alipofika katikati ya utoto wake, sauti nyembamba ilipanda kutoka kwenye matete, ikapinda mwishoni kama swali.

Mtaalamu alinyamaza, akasikiliza. "Huyo ni bata," alisema.

Watu mia na arobaini waligeuka kumtazama dobi, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na wifi yake, mikono mfukoni.

"Sululu," dobi alisema. "Ni mgeni, kafika jana. Njooni taratibu, ana haya."

Akatangulia kwenye njia ya matete. Wauguzi wakafuata, na dereva kwa magongo yake, na Mwenyekiti akiwa amevua viatu vya dukani kwake na kuvishika mkononi, na Matroni akiwa na kitabu cheusi wazi. Jukwaani alibaki Mtaalamu na karani, na baada ya dakika moja karani naye akashuka.

Kibao kipo mpaka leo. Mwezi ukiisha, mfanyakazi wa baraza huja kukipangusa kwa siki, na jina ni lile lile. Dobi hukipita kila Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa mbele, na msafara wake siku hizi umekuwa mrefu kiasi kwamba wa mwisho anapofika langoni na kusimama kusoma kilichoandikwa, yeye ameshafika kwenye maji na hesabu yake ya ndege imekwisha kuvuka mia.